Nguzo Alizozisoma kwa Vidole

Nimekosa, na msinitafutie udhuru. Halikuwa kosa la bahati mbaya.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa tatu asubuhi, nami nilikuwa nikiwamiminia chai mafundi barazani, kwenye nyumba ya ukweni huko Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa. Tulikuwa tukiishi hapo na mama mkwe tangu nilipohamishiwa kikazi wilayani.

Mama haoni. Baraza lake lilikuwa na nguzo nne za mti mtupu. Macho yake yalipoanza kufifia, marehemu baba mkwe alizichonga alama kwa kisu, usawa wa kiganja: mkato mmoja nguzo ya kwanza, miwili ya pili, mitatu ya tatu. Ya nne, penye ngazi, aliitia msalaba.

Kila asubuhi nilimsikia Mama akipapasa. "Moja. Mbili. Tatu." Akigusa msalaba, hushuka zake kwenda kanisani bila kushikwa na mtu.

Hatukupendana. Nikificha hilo nitakuwa nimeungama nini? "Msomi," aliniambia mbele ya wageni, "mchuzi wako wa dagaa usipa ungefaa kunawia miguu." Nikimnyoshea mkono: "Toa mkono! Kwangu siswagwi kama mbuzi." Miaka sita!

Mama alipokwenda msibani Litumbandyosi wiki nzima, na mume wangu yuko Songea kwenye mafunzo, nikaagiza mawe ya mapambo kutoka Mbinga, ya kubandika kwenye nguzo. Nikawaambia watu kwamba nguzo zile zinanitia aibu, zinafanana na kichanja cha kuanikia dagaa.

Uongo mtupu! Nilitaka Mama apotee kwenye baraza lake mwenyewe, aniite, auombe mkono wangu. Ee Mungu, hilo tu: auombe!

Fundi aliishika nguzo, akasita. "Dada, saruji haishiki kwenye mti laini. Lazima niukatekate kwa shoka, halafu nipigilie waya wa kuku. Sasa hizi alama za bibi?"

"Kata," nikasema.

Mama alirudi wiki ilipokwisha, mawe yameshakauka. Akapanda barazani, akagusa la kwanza. Vidole vikarudi nyuma kama vilivyoungua.

"Nani huyu?" akauliza.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nikanyamaza, nikisubiri aniite.

Hakuniita! Akaenda mwenyewe kutafuta ngazi ashuke tena, jiwe kwa jiwe, yote sawasawa, mpaka akakanyaga mahali pasipo na ngazi. Baraza lile lina kimo cha kiuno.

Nilimkimbilia nikimnyoshea mkono. Alikuwa chini, vumbi mdomoni. "Toa mkono," akasema. "Niitie jirani."

Nyonga ilivunjika. Wifi yangu alikuja kumchukua, akampeleka kwake Kitai. Kabla ya kuondoka alizitazama nguzo moja moja. "Hongera, wifi. Kaburi limependeza." Mume wangu huongea nami mambo ya chumvi na maji tu. Nami niliwaapia wote kwamba nilizisahau zile alama.

Baadaye niliyabandua mawe kwa nyundo, mimi mwenyewe. Nikafumba macho, nikapapasa mti. Makovu ya shoka kila mahali! Msalaba sikuuona.

Wenzangu, msiguse nguzo ya nyumba ya watu kabla hamjajua ni nani anayeishika. Na wewe unayenisoma ukijiona mwema, hebu ichunguze vizuri hiyo zawadi unayompelekea mkweo. Zawadi ni vazi zuri la chuki. Nimelivaa, najua lilivyonikaa!

Wiki tatu baada ya Mama kuondoka, nilimpa dereva wa basi barua ya kupeleka Kitai, nikamwomba wifi amsomee Mama kwa sauti, asiruke neno:

"Shikamoo, Mama. Nilisema nilizisahau alama za Baba. Sikusahau, fundi aliniuliza, nikamwambia akate. Siku ile uliposhika jiwe ulitaka kujua ni nani, nami nilikusikia. Ni mimi, Mama. Nilikuwa nimesimama hapo hapo."