Nukta ya Lango la Kusini

Siku ya kwanza kazini nilipewa kamba ya katani, jembe, na kopo lililotobolewa matundu chini. Aliyenipa ni Katibu wa Klabu ya Kipupwe, mwalimu mstaafu aliyevaa koti zito hata saa sita mchana. Aliniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi.

"La saba, mwalimu."

"Kuhesabu mpaka ishirini na mbili unaweza?"

"Naweza."

"Basi umepata kazi. Wachezaji hawazidi hapo. Ukiona wa ishirini na tatu, huyo ni mlevi, mtoe nje."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtunza uwanja wa Kipupwe, hapa Sumbawanga, nikiwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Vijana wa klabu ya sasa wameniomba niandike kazi ilivyokuwa. Mimi si mwandishi. Nina madaftari tu, ambayo nilikuwa naandika kila jioni mvua ilivyonyesha, chokaa iliyobaki na nani aliumia. Pale ninapotegemea kumbukumbu peke yake nitasema, maana kumbukumbu yangu naijua, hupenda kunipendelea.

Uwanja wetu ulikuwa pembeni mwa mtaa wa Malangali. Kabla ya klabu kupewa, palikuwa shamba la ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa tunafukia nyasi ndani yake ili zioze ziwe mbolea. Matuta yalisawazishwa kwa majembe, lakini ardhi haikusahau. Mpira uliweza kudunda vizuri mara tatu, mara ya nne ukaruka pembeni kama umekanyagwa mkia. Timu ngeni zililalamika. Wachezaji wetu walijua kila kilima kilipo, na nadhani tulishinda mechi kadhaa kwa ujuzi huo kuliko kwa mpira wenyewe. Sisemi kwa kujisifu, nasema ili haki ya wale tuliowafunga isipotee.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuchora. Chokaa ilikorogwa na maji mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa, kisha unatembea kinyumenyume ukiimwaga kwa kopo kando ya uzi uliofungwa kwenye vigingi viwili. Chokaa ikikosekana tulitumia majivu ya magunzi, na mchezaji akianguka alinyanyuka anafanana na mwashi. Kupima tulipima kwa ile kamba. Ilikuwa na mafundo yaliyofungwa vitambaa vyekundu: fundo la boksi dogo, fundo la boksi kubwa, na fundo la yadi kumi na mbili, ambalo ni la nukta ya penalti. Unashika ncha moja kwenye mstari wa goli katikati ya milingoti, unanyoosha, fundo linapoishia ndipo unapoweka nukta.

Kamba ya katani ina tabia moja. Ikilowa, inajivuta, inakuwa fupi. Kwa hiyo yangu ilikaa jikoni kwangu, darini juu ya moto. Mke wangu alilalamika kwamba anaishi na mume na kamba, na kamba ndiyo inayopata joto.

Miaka hiyo nilifanya kazi chini ya wakubwa watatu. Katibu nimeshamtaja. Mwenyekiti alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, mtu wa sauti kubwa, na tuseme haki, mtu wa moyo mkubwa pia. Ndiye aliyeagiza nyavu za magoli kutoka kwa wavuvi wa Kipili. Zilikuja na harufu ya dagaa ambayo haikutoka msimu mzima. Kocha, ambaye zamani alikuwa askari, aliwaambia washambuliaji, "Mkishindwa kuliona goli, linuseni." Kipindi fulani alinihamishia kwenye vifaa, nikawa nafua jezi na kupiga mipira pampu. Sikuwa hodari. Nilizipa jezi za bluu maji ya moto zikawa za kijivu, nikarudishwa uwanjani, na kwa kweli nilifurahi.

Hapo ndipo alipokuja Maduhu, golikipa. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, wakakaa nje kidogo ya mji. Mama yake aliuza maziwa Malangali, hata kwangu alileta. Maduhu alikuwa mrefu, mpole, mwenye mazoea yake. Kabla ya kila mechi alitoka kwenye mstari wa goli mpaka kwenye nukta, akageuka, akasimama, kisha akarudi. Mwanzoni nilidhani anasali. Nilipomuuliza alicheka.

"Nasikiliza, kaka. Kila goli lina muda wake. Mpira unatoka pale, mimi nahesabu moyoni, moja, mbili, naruka. Nikihesabu vizuri tunakutana."

Sasa nafika kwenye mechi ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Ilikuwa ya marudiano, ya kupanda daraja. Wapinzani walitoka Kanda ya Ziwa, huko huko walikotoka wazazi wa Maduhu. Kwao tulitoka sare bila goli. Tukishinda nyumbani, tunapanda. Mji mzima haukuwa na habari nyingine.

Jumamosi mchana nilichora uwanja wote kwa kamba kavu. Ikabaki nukta moja, ya lango la kusini, kwa sababu chokaa iliisha kwenye kopo. Nilipokuwa naenda kukoroga nyingine, watu wawili wa upande wa wageni, waliotangulia, wakaniita mahali penye pombe ya ulezi, wakasema wanataka kuonja ya Ufipa. Nikaenda kuwaonjesha. Nikakaa. Kamba niliiacha kwenye nyasi, na mvua ikanyesha.

Jumapili baada ya misa niliikuta imelowa chapachapa. Mistari ya jana ilionekana bado, niliifuatisha tu. Kwa nukta ya kusini niliikamua kamba, nikaianika juu ya mlingoti, lakini jua lilikuwa la kuombaomba. Katibu akaja ameshika saa yake.

"Bado unafua? Watu wanaingia."

Nikapima. Naona kama niliongeza kiganja kimoja kufidia. Sina uhakika. Daftari la siku ile linasema maneno matano tu: "Nukta ya kusini. Kamba mbichi." Kiganja hakimo. Huenda nilikiongeza baadaye, kichwani, ili nilale.

Hata Maduhu hakupata nafasi ya kwenda kusimama kwenye nukta kama kawaida yake, kwa kuwa kipindi cha kwanza alikaa lango la kaskazini, na baada ya mapumziko refa aliwaharakisha. Mwisho mwisho, matokeo yakiwa bado bila bila, beki wetu akamkwatua mtu ndani ya boksi la kusini. Penalti ya haki kabisa. Mpira ukapigwa, si kwa nguvu sana, upande wake wa kulia, upande anaoupenda. Maduhu hakuruka. Alianza kuinama tu mpira ukiwa umeshapita. Alikuwa kama mtu anayeuaga mpira.

Tulifungwa moja. Watu hawakuondoka. Walisimama pembeni mwa uwanja, halafu mmoja akasema, "Amewapa ndugu zake." Sikuona ni nani. Baada ya dakika chache kila mtu alikuwa ameshasema.

Jumatatu asubuhi nilikwenda peke yangu na kamba iliyolala jikoni, kavu. Nikashika ncha kwenye mstari wa goli, nikanyoosha kuelekea katikati ya uwanja. Fundo jekundu liliipita nukta yangu kwa urefu wa viatu vyangu viwili, kisigino kwa kidole. Nilisimama pale nikivitazama viatu. Kisha nikaichimba ile nukta kwa jembe, nikafukia, nikapigapiga udongo, nikaweka nukta mpya mahali pake. Hakuna aliyenituma, na hakuna aliyeniona.

Nilijiambia mambo mengi. Kwamba viatu viwili si umbali. Kwamba kufungwa angefungwa tu. Kwamba nikisema, nitafukuzwa, nami sasa nina watoto watatu. La mwisho tu ndilo lilikuwa kweli.

Uongozi uliitisha kikao. Katibu, na hili namwandikia kwa heshima, alimtetea Maduhu. Alisema, "Leteni shahidi hata mmoja." Shahidi nilikuwa mimi, nimekaa karibu na mlango. Mwenyekiti akasema shahidi ni macho ya mji mzima. Maduhu aliulizwa kwa nini hakuruka, akajibu, "Nilihesabu, mpira ukaniwahi." Walicheka. Akaachwa kwenye usajili uliofuata. Mama yake akawa anarudi na maziwa yake jioni yakiwa kamili. Mke wangu aliendelea kununua, lakini na mimi sikumwambia mke wangu kwa nini nilikuwa nayanywa kwa shida. Kabla ya kiangazi kuisha, ile familia ikateremka na ng'ombe wao bondeni kwenye Ziwa Rukwa, na Maduhu tukasikia yuko Kasanga, bandarini.

Nimechora uwanja ule miaka mingi baada ya hapo. Klabu ilishuka, ikapanda, ikakaribia kufa, ikafufuka. Sasa ni kampuni. Ina Mtendaji Mkuu, kijana mwenye adabu sana, aliyeniita ofisini akaniaga kwa mkono na cheti cha kustaafu. Usajili unafanywa kwenye kompyuta, timu ina daktari wake, na uwanja una nyasi bandia. Nataka kuwa mkweli: ni uwanja mzuri. Mpira unadunda sawasawa kila mahali, hakuna anayevunjika mguu kwenye kilima cha ntumba, mvua ikinyesha maji yanapotea. Mistari imeshonwa humo humo, myeupe, haifutiki. Hakuna wa kuichora.

Lakini nautamani ule wa zamani, sifichi. Natamani baridi ya alfajiri nikitembea kinyumenyume, mstari unatokea mbele yangu mweupe juu ya umande, na upepo unaleta moshi wa majiko ya Malangali. Natamani Katibu aje na koti lake anikaripie. Siku nyingine huenda pale jukwaani saa ambayo hakuna mazoezi, nikakaa. Mlinzi ni kijana mpya. Aliwahi kuniuliza, "Mzee, umepotea?" Nikamwambia hapana, nimefika.

Mwaka huu ofisa habari wa klabu alikuja nyumbani. Wanatengeneza historia ya Kipupwe, ya kuchapisha na ya kuweka kwenye simu.

"Shikamoo, mzee wangu. Tunaanza na ile mechi ya kupanda. Yule kipa aliyetuuza. Watu wanaipenda sana hiyo stori."

"Nani kasema alituuza?"

"Kila mtu, mzee."

Nikaleta daftari. Nikamsomea yale maneno matano, nikamweleza kamba na viatu viwili. Alizima simu yake ya kurekodi.

"Mzee, kwa hiyo kosa lilikuwa la chokaa?"

"La mchoraji."

"Hii haitanoga," akasema, lakini si kwa ubaya. Alifikiri kidogo. "Yule kipa analijua hili?"

Nikafunga daftari. Wiki ile ile nikapanda basi la Kasanga.

Maduhu anasimamia upakiaji wa mizigo ya boti ziendazo Zambia na Kongo. Amenenepa, mvi zimemjaa. Alinitambua kabla sijasema jina, akaniita kwa lile la utani la uwanjani.

"Chokaa. Umekuja kunichorea bandari?"

Tuliketi kwenye magunia. Nilimwambia yote, hata pombe ya ulezi, hata Jumatatu na jembe. Alinisikiliza akitazama wapakiaji wake.

"Kwa hiyo sikukosea kuhesabu."

"Hukukosea."

"Nimejiuliza miaka yote hii, kaka. Nikawa nahesabu hata hapa, watu wakirushiana mizigo. Moja, mbili." Akajifuta uso kwa kofia. "Wewe Jumatatu ulikuwa na hili mkononi."

"Nilikuwa nalo."

"Nikakaa kwenye kile kikao, na wewe umekaa mlangoni."

"Ndiyo."

Nilingoja anitukane. Ningekubali. Badala yake alitoa simu, akabonyeza, akasikiliza. "Mama, kuna mtu hapa ana maneno yako." Akanikabidhi. "Mimi nilimwambia sikuuza. Alisema sawa. Sawa yake naijua, si ya kuamini. Mwambie mwenyewe."

Sauti ya mama yake ilikuwa nyembamba, ng'ombe wanalia nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi ndiye nilikuwa nachora uwanja wa Kipupwe. Mlikuwa mnaniletea maziwa."

Nikamweleza. Nilitafuta maneno ya kupunguza, sikuyapata, nikaeleza tu. Alipouliza, aliuliza polepole.

"Nukta ingekuwa mahali pake, angeudaka?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Maduhu alikuwa ananitazama.

"Hilo sijui, mama. Kwa kweli sijui. Ninachojua hakuuza."

"La kudaka si kitu. Watu wanafungwa." Nikasikia anaondoka kwenye simu, anaita majina upande wa pili, moja baada ya jingine, kwa Kisukuma. Vikasikika vishindo vya watu wanaokuja na kiti kinavutwa. Kisha akarudi.

"Wadogo zake wamefika, na wajukuu. Nimeiweka simu mezani. Anza tena, baba, toka mwanzo, na useme kwa sauti."