Triko la Baba

Mimi ni mchoraji wa vibao. Hapa Kimemi, mjini Butembo, ukiona mwanamke aliyesukwa nywele kwenye ukuta wa saluni, au kuku mnene kwenye mlango wa restora, huenda ni mkono wangu. Mimi na mama tulifika Butembo tukikimbia kutoka Mavivi, na sufuria moja na godoro. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa brashi. Baba alibaki kule. Waasi walimuua katika shamba lake la kakao, na watu wakamzika palepale, haraka, bila matanga.

Picha yake ilikuwa moja tu, nayo iliungua pamoja na nyumba. Donc, basi, mama alipopanga misa ya kumkumbuka, alinitazama mimi. Kwetu, siku hiyo, picha ya marehemu inawekwa mezani mbele ya wageni.

“Chora baba yako,” akaniambia. “Batu bamuone sura.”

Nilichora wiki mbili. Uso ulikubali: paji, masharubu, lile jicho la kushoto lililokuwa dogo kidogo. Nilijivuna, nasema kweli. Nikamwita mama, nikasimama kando nikingoja sifa.

Alisogea, akainama mbele ya picha.

“Huyu ni mutu wa wapi?”

“Mama, ni baba.”

“Na triko hii alipata wapi?”

Ndipo nikaona. Nilikuwa nimemvalisha triko la sufu, vifungo hadi shingoni, kama wazee wa Butembo, kama wakulima wa viazi wanaotoka Lubero na baridi yao. Mavivi ni joto. Baba yangu alivaa shati wazi mwaka mzima, hata kanisani, mama akimgombeza njia nzima. Na mimi, mjinga, baridi ya kwa watu imeniingia hadi kwenye brashi.

“Nitaitoa,” nikasema.

Nikachukua kisu, nikaanza kukwangua rangi. Kifungo cha kwanza, cha pili. Halafu mkono ukasimama. Shati wazi, sawa, ila ndani yake kulikuwa na nini? Kulikuwa na kovu, hilo najua. Panga lilimteleza akipasua kakao. Lakini kulia au kushoto? Utoto wangu wote nililala kwenye kifua kile, na sikujua. Aibu ilinichoma.

Mama aliona nimekwama. Alichovya kidole katika rangi ili anionyeshe kovu lilipokuwa. Kidole kikaenda upande wa kulia, kikasita, kikaenda kushoto, kikabaki hewani. Tuliogopa kutazamana. Kisha akakipangusa kwenye kikwembe alichojifunga, polepole.

“Mufungie triko yake,” akasema. “Ikibaki wazi, batu bataona.”

Nikakoroga rangi ya sufu, nikarudisha kifungo cha pili, halafu cha kwanza.