Kikombe Kimoja Nkoaranga

Baba yangu alikuwa mhunzi, na huku Meru mhunzi alihitajiwa na kila mtu, ila hakuna aliyemtaka. Mtu alipokuja kuchukua mkuki wake, alipaka viganja mafuta kwanza ndipo akaupokea, maana walisema mkono wa mhunzi umebeba damu. Mimi niliyepuliza ule moto tangu utotoni nilihesabiwa kuwa na mkono huo huo.

Wajerumani walipokuwa wamekwisha kujenga boma lao Arusha, mimi nilikuwa nasoma katekisimu kwenye misheni ya Nkoaranga. Kubatizwa kwangu hakukuleta maneno, kila mtu na maji yake. Meza ya Bwana, lakini, ina kikombe kimoja. Siku chache kabla sijashiriki mara ya kwanza, mzee wa kanisa alinifuata migombani.

"Binti yangu, tumeshauriana. Utakunywa wa mwisho, watu wasije wakakimbia."

"Baba, mkuki ulioko nyumbani kwako aliufua nani?"

"Baba yako."

"Na aliyekwenda nao kuteka ng'ombe wa watu?"

Akageuka aende zake, nikamwambia:

"Basi damu mlimwaga ninyi. Nitakunywa zamu yangu ikifika. La sivyo, acheni kuniita dada."

Alipoondoka niliogopa, sifichi. Baba yangu alikuwa amenifukuza kwa ajili ya ubatizo, akisema hao watu hawatakula nami kamwe. Nikikataliwa na hapa, sikuwa na pa kwenda, na baba angekuwa amesema kweli.

Jumapili nilikaa benchi la mbele, makusudi. Tukapiga magoti, mchungaji Mzungu akaniletea kikombe, nikanywa. Kisha akafanya jambo ambalo hakumfanyia yeyote aliyetangulia: akatoa kitambaa ili afute ukingo. Alitaka kuwaridhisha wote, maskini. Hasira ilinipanda hadi masikioni.

Aliyepiga magoti kando yangu alikuwa mke wa yule mzee wa kanisa, mama mtu mzima ambaye sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Akamshika mchungaji mkono.

"Usifute."

Akanywa pale pale nilipoweka midomo yangu. Mumewe akainuka akatoka nje, na karibu nusu ya watu wakamfuata. Sisi tuliobaki tulisogeleana, kikombe kikaendelea kuzunguka.

Watu wameniuliza kama niliwasikitikia waliotoka. Hata kidogo. Mlango haukufungwa, na wanajua kikombe ni kimoja.