Dakika Ishirini za Tukijo

Tukijo, karani wa ofisi ya kijiji chetu karibu na mji wa Klaten, kisiwani Java, ana miaka hamsini na mmoja na hajawahi kuoa. Kila asubuhi alikuwa akibonyeza kitufe cha kompyuta, anatuambia sisi wa foleni kwamba inaamka, kisha anavuka barabara kwenda kwenye kibanda cha chakula cha Bu Lasmi, yaani Mama Lasmi, kula wali na mboga za mchuzi wa karanga. Dakika ishirini. Jioni vilevile: mashine ikijizima polepole, yeye anamsaidia Lasmi kukunja turubai.

Wote tulijua anataka kumposa. Yeye tu alidhani ni siri.

Mimi sikulalamika. Nilikuwa nakwenda kufutisha jina la marehemu mke wangu kwenye kadi ya familia, ile ya serikali yenye majina ya watu wa nyumba, na sikuwa na haraka.

Kisha wilaya ikaleta fundi, mama mmoja mchangamfu. Akang'oa diski ya zamani, ile inayozunguka, akaweka kibamba chembamba kama biskuti. Alisema hiki hakizunguki, na hakisahau kitu hata umeme ukikatwa. Akabonyeza. Kabla sijamaliza kukohoa, mashine ikawa tayari.

Tukijo alishukuru kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa sahani.

Kesho yake akabonyeza, akafunika kioo kwa kitambaa, akatutangazia kwamba mashine mpya lazima ipate moto kama lori, akavuka. Mashine ikatoa mlio wake wa kuwa tayari. Bibi mmoja wa foleni, Mbah Ngatinem, akamfuata hadi mlangoni kwa Lasmi.

"Jo, mwenzio kashaamka. Umebaki wewe."

Siku ya tatu hakuthubutu kuvuka. Lasmi akaja mwenyewe na sahani iliyofunikwa jani la mgomba, akaiweka mezani. Tukijo akabonyeza kitufe, akasema bila kumtazama:

"Bu Lasmi, nataka tuoane."

"Miaka mitatu nimekupa dakika ishirini kila siku, ukawa unanisimulia karanga. Leo una sekunde kumi ndiyo unasema?"

"Basi unanijibuje?"

Lasmi akatazama kioo. Kilikuwa kimeshawaka.

"Watu wanasubiri, Mas Tukijo. Jaza fomu ya ndoa hapo kwenye mashine. Nikirudi kuchukua sahani nitaweka saini."

Akajaza. Jina lake mwenyewe alilikosea mara mbili, na foleni nzima hakuna aliyemharakisha.