Klabu ya Saa Mbili

Kama unataka kuona mujinga mwenye kuvaa viatu ya kungaa, kuya hapa Kabuta, uulize Ba Saviour, coordinateur, musimamizi ya shirika moja ya misaada. Ule mubaba njo aliletea batoto yetu klabu ya mbele na nyuma ya masomo, ya kuchunga batoto mbele masomo ianze na nyuma iishe, klabu yenye inafunguliwa saa batoto beko mu masomo. Usiseke bado. Ngoya kwanza nikuelezee Ya Angèle, dada mukubwa ya bote, ni nani, ju huyu Saviour hafai hata kufungua kamba ya viatu ya ule mama.

Ya Angèle alivuka ziwa kutoka ng'ambo ya Kongo mwaka ya ile mavita. Bwato ilikuwa imejaa kupita kiasi, na mwenye bwato akapaza sauti: bakubwa hapana tena, batoto tu! Basi bamama kule ku bichi bakaanza kumupitishia batoto yao. Mutu anamujua, hamujui, anamupa mutoto. Alivuka na batoto kumi na moja, na hata mumoja hakukuwa wake, ju Ya Angèle hakuzaa. Kufika huku Zambia aliikala nabo mu muchanga siku ine. Polisi ikakuya, bachungaji bakakuya, mama mumoja wa kanisa akakuya na mabiskwiti, banataka kugawanya batoto. Yeye hapana. "Mwenye alinipa njo atamuchukua, ao ndugu yake mwenye mutoto mwenyewe anamujua." Na bote kumi na moja balichukuliwa vile, mumoja mumoja.

Nyuma bakamupeleka mu kambi ya bakimbizi, bakamupa shamba ya muhogo. Lakini siku moja gunia ilimuangukia mu kiuno, na tangu pale jembe ikamushinda. Njo akapata karatasi ya ruhusa ya kuikala nje ya kambi, hapa ku ziwa, mu lupango, ua ya matete, katikati ya bichi na masomo.

Sasa siye bamama ya chisense, bale samaki badogo ya kuanika, kazi yetu ni ya kukimbia. Mato, mabwato ya bavuvi, inarudi na samaki mbele ya juwa, na mwenye kufika nyuma anabaki na beseni tupu. Saa kumi ya asubui uko mu mayi mpaka magoti. Kisha unaanika chisense mu muchanga, unafukuza bandege, unageuza, juwa inazama ukiwa ungali pale. Na masomo inaanza saa moja, inaisha saa saba. Mutoto ya miaka sita, nani atamuamsha? Nani atamupa uji? Na nyuma ya masomo aende wapi? Zamani balikuwa banatufuata ku bichi, na hii ziwa eko na mamba. Sisemi zaidi. Kila mutu ya Kabuta eko na jina moja mu kichwa yenye hataki kutaja.

Ya Angèle hakuita réunion. Hakutundika banderole. Asubui moja alisimama ku mulango ya lupango yake, akaona Mama Hénoc anapita anavuta mutoto mwenye kutembea amelala, akamuambia: "Weye! Lete huyo mutoto hapa. Unamuua." Basi, klabu ilianza vile. Kisha mwaka moja batoto balikuwa makumi tatu na mbili, na kila mama alileta kile alikuwa nacho, kopo ya unga, chisense kidogo, kuni.

Alichukua kamba ya wavu ya zamani, akafunga mafundo makumi tatu na mbili, kila mutoto na fundo yake, badogo mbele, bakubwa nyuma. Bakiisha kunawa mpaka ndani ya masikio na kunywa uji, kila mumoja anashika fundo, na ule mustari unapanda barabara, yeye nyuma anachechemea na kufoka: "Nani ameacha fundo? Ninaona!" Saa saba eko tena ku mulango ya masomo na kamba yake. Fundo moja ikibaki bila mukono, haondoki pale. Miaka tano vile, na hata mutoto mumoja hakupotea.

Sasa sikia ujinga. Kila mwaka serkali inafunga ziwa, tangu mwezi ya kumi na mbili mpaka mwisho ya mwezi ya pili, ju samaki bazae. Hakuna bwato, hakuna chisense. Bamama banalala mpaka juwa inapanda, kila mutu na batoto yake ku nyumba. Hata mutoto ya kunyonya hapa anajua hiyo. Lakini Ba Saviour, mwenye kusoma chuo, mwenye kadi ya kuning'inia ku shingo, alichagua kufanya enquête yake, kuhesabu batoto beko ngapi, mwezi ya kwanza! Alifika kwa Ya Angèle asubui mapema, akakuta batoto babili. Akaandika. Akarudi kesho yake, batoto babili. Akaandika tena, na kalamu yake ya rangi ine. Kisha akainua kichwa, akamuita mama mu Kibemba:

"Ba mayo, mbele ya masomo hakuna haja."

"Papa, ziwa imefungwa," Ya Angèle akamuambia.

"Siulizi ziwa. Niliuliza batoto."

Mawee! Mutu anaikala kilometa moja na mayi, na anasema haulizi ziwa.

Kisha akapaka depo moja ya kuweka mizigo rangi ya bluu, akaandika yulu ya mulango: Klabu ya Mbele na Nyuma ya Masomo, saa mbili mpaka saa kumi. Saa saba mpaka saa nane inafungwa, ju mulinzi anaenda kukula. Akaita bamama. Ilikuwa mwisho ya mwezi ya pili, njaa imetukamata ku koo, mutu anapika majani bila mafuta, na yeye anakuya na sabuni, madaftari na fanta. Na karatasi. Karatasi ilisema: siye bamama ya Kabuta tunaomba batoto yetu bapelekwe ku klabu tu, na lupango ya Angèle ifungwe, ju huyu mama hana certificate.

Na bale bamama, bale mbuzi, balisaini. Kwa sabuni mbili! Mutu mwenye alikuoshea mutoto miaka tano, unamuuza kwa sabuni, na hata haijafika ku nyumba imekwisha kulowana. Balipanga mustari, banasukumana, banabandika kidole mu wino, kisha banapangusa kidole mu kitenge na kulomba fanta ya pili. Banamuke bila haya kama hawa, vraiment, sijawahi kuona.

Kisha Ba Saviour akaenda kwa Ya Angèle. Ile karatasi yake ya ruhusa inapashwa kufanywa mupya kila mwaka, na yeye alijua. Akamuambia: nikikuta mutoto ya mutu mu lupango yako hata siku moja, nitaandika barua ku biro ya bakimbizi, na hautapata ruhusa tena. Utarudi kambi kulima. Kulima! Na kile kiuno! Ya Angèle alichukua kamba yake, akaitundika ndani ya nyumba.

Tarehe moja ya mwezi ya tatu ziwa ikafunguliwa. Asubui mapema, giza ingali, bamama bote barabarani na mabeseni, banavuta batoto, banakimbilia ku depo ya bluu. Imefungwa. Bakagonga mpaka Taonga, ule mulinzi, akajibu kutoka ndani bila kufungua: "Saa mbili! Hamujui kusoma?" Mutoto moja akaanza kulia, bote bakalia. Kule ku bichi mato ilikuwa imekwisha kupiga filimbi.

Na unajua balienda wapi? Kwa Ya Angèle! Bila haya, kabisa! Bakajaa ku mulango ya lupango, banasukuma batoto mbele. Ya Angèle alikuwa ameikala mu kiti yake ndani, kitenge ku mabega. Kila mutu pale alijua: akipokea hata mumoja, karatasi yake imekufa. Mama Hénoc akasema, "Ya Angèle, leo tu." Leo tu! Ningekuwa na jiwe ningemupiga.

Ya Angèle akaangalia bamama. Akaangalia batoto, bale badogo mbele, kamasi mpaka mudomo. Akasimama, akaingia ndani ya nyumba, akatoka na kamba. "Batoto, mushike mafundo."

Bamama bakapiga vigelegele na kukimbia ku bichi, hakuna hata mwenye kugeuka nyuma. Miye nilibaki. Beseni yangu siku ile ilikuwa tupu mpaka mangaribi, lakini kile niliona, singeuza kwa samaki. Ule mustari haukuingia mu lupango. Ulipanda barabara, ukapita masomo, ukapita kanisa, mpaka ku nyumba ya Ba Saviour. Ya Angèle akagonga. Ba Saviour akatoka amefunga kitenge ya bibi yake, jicho moja lingali limelala.

"Ba mayo, nini hii?"

"Batoto ya klabu. Karatasi inasema ni yako. Miye sina certificate." Akamupa mwisho ya kamba mu mukono. Kisha akavuka barabara, akaikala yulu ya jiwe, akaangalia mafundo.

Aa! Niliseka mpaka mbavu ikauma. Mumoja alikojoa mu viatu ya kungaa. Babili bakaingia mu jiko na kumwaga sufuria. Gaëlle, mutoto wangu, alimuuliza mara kumi uji iko wapi. Kulipopambazuka batu balikuwa bamejaa barabarani kama ku arusi, na ule coordinateur anashuka na kamba, amevaa shati ndani nje, anahesabu, anasahau, anahesabu tena. Ku mulango ya masomo mafundo mawili ilikuwa bila mukono. Bale babili, Ya Angèle alikuwa anabaleta nyuma yake, mumoja kila upande. Balikuwa bameingia mu banda ya mbuzi, na yeye tu njo aliona.

Saa mbili, ile saa yake ya klabu, Ba Saviour hakufungua depo. Alikuya ku lupango na barua mbili. Moja ilisema Ya Angèle anapashwa kupata ruhusa ju kazi yake inasaidia batoto ya masomo. Ya pili ilikuwa ile karatasi ya bamama. Akamuambia, "Ba mayo, uichome." Ya Angèle akaikunja, akaiweka mu kifua.

Mangaribi bamama bakakuya kuchukua batoto, banachekelea, banasalimia kwa sauti ya asali. Ya Angèle alisimama ku mulango na ile karatasi. Mumoja mumoja alibaita, na kila mumoja alipashwa kusema mbele ya batu bote: nilisaini. Mama Hénoc alipiga magoti. "Ingia, chukua mutoto." Miye nilikuwa nyuma kabisa, ninaseka hizi mbuzi, ninabasonta kidole. Bakaisha bote. Gaëlle akabaki peke yake yulu ya mukeka.

"Mama Gaëlle."

"Ya Angèle."

Alifungua karatasi, akaweka kidole pale yulu kabisa, ku jina ya kwanza.

"Bale bengine balibandika kidole, habajui kusoma. Weye unajua."

Ni kweli. Njo miye nilisomea bamama ile karatasi. Nilisoma sabuni, nilisoma madaftari, nilisoma rangi ya bluu. Ile mustari ya lupango, niliiruka. Kisha nikasaini wa kwanza, ju fanta ilikuwa kidogo. Pale ku mulango, mudomo huu wenye unajua kutukana Kabuta yote uliita tu: "Gaëlle, tuende."

"Gaëlle atabaki na fundo yake," Ya Angèle akasema. "Weye usiingie tena mu lupango yangu."

Myezi ine sasa. Asubui bamama banaingia, banaweka beseni chini, banaota moto dakika mbili, naye anabafokea: umechelewa, mutoto eko na njaa, weye ni mama ya namna gani! Miye ninasimama nje ya matete na Gaëlle anaingia peke yake. Juzi nilichelewa sana, juwa ilikuwa imetoka. Ya Angèle alipokea mutoto, akamufuta uso, akafunga mulango. Hakunifokea.