Nyota Kwenye Koti la Marehemu

Mume wangu alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipelekwa kwao Bondo, nikavikwa koti lake la jeshi. Huko mjane huvaa nguo ya marehemu mpaka arithiwe, na anayemrithi ndiye humvua. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kurudi Kisumu kwenye meza yangu ya samaki bila mwanamume mwingine. Lakini ukiwa na koti hutoki bomani.

Kifuani palikuwa na nyota aliyopewa kwa vita vya Burma. Ya shaba, pembe sita. Nikahesabu tena, sita. Katikati taji na herufi za mfalme wa Waingereza. Marehemu alinieleza kwamba mistari ya utepe ilichaguliwa na mfalme mwenyewe: nyekundu ni majeshi ya dola yake, rangi ya chungwa ni jua la kule.

"Na wewe uko mstari gani?" nilimuuliza.

"Mimi nilibeba mizigo."

Nyuma ya nyota palikuwa patupu. Hata jina la mwenyewe hawakuandika.

Mdogo wake ndiye aliyetajwa kunirithi. Macho yake hayakutoka kwenye ile nyota: kila sikukuu ya taifa, wazee wa vita waliketi mbele, karibu na DC, wakinywa soda. Nikaona mteja.

"Shemeji, geuza uone. Haina jina. Ukiivaa, nani atabisha?"

"Wataniuliza Burma kulikuwaje."

"Sema kulinyesha. Kaka yako hakusema zaidi."

Akacheka. "Na bei?"

"Waambie wazee hunitaki, wanivue wao niende Kisumu. Chukua nyota, niache mimi."

"Hiyo rahisi. Mke niliye naye ananitosha kwa kelele."

Hakuniamini kwamba ningempa baadaye, kwa hiyo akaifungua mwenyewe papo hapo uani, watu wakitazama, vidole vyake kwenye koti na mimi nikiwa ndani.

Mama mkwe akainuka mkekani. "Mmeona? Ameanza kumvua!"

"Mama, ni nyota tu," shemeji alisema.

"Nyota ilikuwa wapi, nyathina, mwanangu? Si kwenye koti? Mkono ulioanza ndio utamaliza."

Shemeji akajaribu kuirudisha, pini ikamchoma. Wanawake wakapiga vigelegele. Nimebishana na wanunuzi wagumu wa soko zima la Kisumu. Sijawahi kukubaliana bei nikajikuta mimi ndiye bidhaa.

"Na mimi nani ameniuliza?" mke wa shemeji alisema.

Nikaletewa kuku nimpikie mrithi wangu. Shemeji aliketi kwenye kiti cha mume wangu, nyota kifuani, akauliza kama kuna pilipili.