Daktari Niliyemfundisha Kusoma

Nilikwenda kusafisha meno kwenye kliniki moja ya Makorora. Daktari, kijana mpole, alinipokea kwa "Shikamoo mwalimu." Mimi mstaafu ninayetamani kukumbukwa, nikajua ni mwanafunzi wangu, ingawa sura haikunijia. Kila nilipoinuka kusukutua nilimkumbusha viboko vyangu, naye akatabasamu. Tulipomaliza nikamwombea dua, nikapita dirisha la malipo bila kugeuka. Binti wa mapokezi akaniita: elfu sitini. Nikamjibu, wagonjwa wote wakisikia, "Kamuulize daktari nani alimfundisha kusoma."

Daktari akatoka, akaniinamia kwa adabu. "Samahani mwalimu, mimi nimesoma Bukoba. Hapa Tanga nina miezi miwili. Kazi yako niliiona kwenye kadi yako ya mgonjwa."